Mwalimu na Safari Zake za Uani

Mwalimu alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko chakula: "Tuthibitishe." Ukimwambia mvua inanyesha, kwanza atatoa mkono nje ya dirisha. Ukimwambia maji yamechemka, atafunua sufuria. Alitufundisha fizikia miaka minne, na katika miaka yote hiyo sikumbuki hata siku moja aliyokubali jibu lililoanza na "nadhani." Alikuwa anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya tai, anasema taratibu: "Usiniambie unadhani. Niambie umepima."

Mimi nilikuwa mtu wa kudhani. Nilikaa dawati la mwisho kabisa, karibu na dirisha, na fizikia niliyoijua nilikuja kuijulia barabarani baadaye, kwa kupigwa shoti. Leo nina karakana yangu ya umeme wa magari hapa Korogwe, nina watoto watatu na kipara, lakini kwa Mwalimu mimi bado ni Dawati la Nyuma. Ananiita hivyo mbele ya wateja. Kuna dereva mmoja wa lori aliyeamini kwa muda mrefu kwamba hilo ndilo jina la karakana, na akawa anawaelekeza wenzake hivyo.

Alipostaafu tulitegemea afuge kuku, au afungue duka la madaftari, au agombee uenyekiti wa mtaa kama wastaafu wengine. Yeye akanunua haisi. Haisi yenyewe ilikuwa ya kwaya fulani, imechoka, ubavuni bado yanasomeka maneno ya kumsifu Mungu, na Mwalimu, ambaye hakosi msikiti siku ya Ijumaa, hakuyafuta. Alisema rangi bado ni nzima. Akang'oa viti vyote vya nyuma, akaweka kitanda cha mbao, kabati, jiko dogo la gesi, mapazia aliyoshona mkewe, na friji ndogo ya nyumbani, ile ya kuweka soda chache tu. Halafu akanijia karakanani na daftari kwapani.

"Dawati la Nyuma," alisema, "nataka betri ya pili. Ya kuwashia gari ibaki kuwashia gari. Hii ya pili iwe ya sola, ichajiwe na paneli juu ya bodi, na alteneta ya injini nayo ichangie tukiwa tunatembea. Kisha inveta, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Friji isizime hata dakika moja."

Nikamuuliza wanaenda wapi na nyumba yote hiyo. Serengeti?

"Dindira," akasema.

Nilidhani ananitania, lakini Mwalimu alikuwa hatanii akishika daftari. Dindira ni hapo juu tu. Ukitoka Korogwe asubuhi na mapema, gari likiwa zima na barabara haina tope, mchana unakula huko. Watu wanapanda na kushuka kila siku wakiwa na magunia ya maharage na watoto mgongoni, hawana betri ya pili wala ya kwanza. Lakini Mama Mwalimu, mkewe, kwao ni Dindira, na dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufa, anaishi huko katika nyumba ya shambani ambayo umeme haujafika. Mama alitaka kwenda kukaa naye, si kumwona na kugeuka. Na Mama ana sukari, anachoma insulini asubuhi na jioni, na dawa ile haitaki joto. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu nzima ya Mwalimu, na nilipoielewa niliacha kucheka, angalau kwa wiki ile.

Sasa niwaambie jinsi anavyofanya kazi, maana hapo ndipo alipokuwa anatumaliza. Fundi wa kawaida anafunga, anawasha, ikikubali anakunywa chai. Mwalimu anachora kwanza. Alichora mfumo wote ule kwa penseli na rula, kila waya na fyuzi yake, kila kitu kina namba. Kisha akaandika wati za friji, wati za taa, saa za jua, siku za mawingu, akajumlisha, akagawanya, akapigia mstari jibu mara mbili. Hesabu zilikuwa sahihi, siwezi kumnyima hilo. Tatizo ni kwamba alitaka inveta ikae mbele, karibu na kiti chake, ili aione taa yake ya kijani akiwa anaendesha, na betri ikae nyuma kabisa chini ya kitanda. Nikamwambia, Mwalimu, inveta inataka kukaa jirani na betri. Akasema, "Umepima?" Nikasema sijapima, nimezoea tu. Akasema kuzoea si kipimo.

Tukafunga anavyotaka yeye. Friji ikawaka, inveta ikapiga kelele, pii, pii, pii, ikazima. Tukarudia, ikazima tena. Mwalimu akafungua daftari, akaanza kutafuta kosa kwenye hesabu za friji, kisha za betri, kisha akamshuku aliyetuuzia inveta. Mimi niliinama nikashika waya mrefu ule uliotambaa toka nyuma hadi mbele, nikauacha haraka. Ulikuwa wa moto. Nikamwambia, "Waya una homa, Mwalimu. Ni mrefu na ni mwembamba, umeme unaishia njiani." Akaushika na yeye. Tukahamisha inveta chini ya kitanda, tukaweka waya mnene usiofika hata mkono mmoja, na friji ikanguruma mpaka jioni. Kesho yake alinionyesha daftari. Alikuwa ameandika: Jaribio la kumi na nne. Waya una homa. Aliyegundua: Dawati la Nyuma. Nilijisikia nimepata cheti, nilipokwenda kulala nikamsimulia mke wangu mara mbili.

Jambo lingine. Mtu huyu alitufundisha tusiogope umeme. Darasani alikuwa akisema umeme hauna chuki na mtu, unafuata njia yake tu. Lakini siku ya kuwasha inveta kwa mara ya kwanza alivaa mabuti ya shambani, akasimama nje ya gari, karibu na mpapai, akaniambia kwa sauti ya kiungwana, "Karibu, washa." Nikamuuliza kwa nini asiwashe mwenyewe. Akasema yeye ni mwangalizi.

Na alikuwa mkali wa muda kupita kiasi. Ukichelewa kipindi chake dakika moja unabaki nje na jua lako. Mtu huyohuyo akakaa na lile gari uani mwaka mzima, ukaingia wa pili, hajatoka nalo. Kila kilichokamilika kilizaa kingine cha kukamilisha. Paneli ikiwekwa, anataka kujua itafanyaje siku ya ukungu. Fyuzi ikiwekwa, anataka ya akiba, kisha ya akiba ya ile ya akiba. Majirani wakaanza. Safina ya Nuhu, walisema, inasubiri gharika. Mimi nami nilichangia, sitajifanya mtakatifu.

Lakini utani mkubwa ulikuwa zile safari za Jumapili. Mwalimu alitaka kupima friji katika hali halisi ya safari bila kusafiri. Kwa hiyo Jumapili baada ya chai yeye na Mama wanaingia kwenye gari, limesimama palepale uani kati ya banda la kuku na kamba ya nguo, wanafunga mapazia, wanakaa. Ndani ya friji kuna chupa ya maji badala ya dawa, na ndani ya chupa kuna kipimajoto. Kila nusu saa anafungua, anasoma, anaandika. Mama anachambua mchele au anashona. Siku moja nilipita kuchukua spana yangu nikawasikia.

"Tumefika wapi sasa?" Mama aliuliza.

"Tumeanza kupanda," Mwalimu akajibu, macho kwenye daftari.

"Mbona sioni mashamba ya chai?"

"Chai bado. Baada ya kona ile kubwa."

"Haya. Ukifika kwa dada uniamshe."

Akajilaza kitandani, kweli kabisa, akalala. Nilicheka mpaka nikaiacha spana. Siku hizo niliona ni kichekesho cha wazee wawili wanaopendana, na kilikuwa hivyo, ila hakikuwa hivyo tu.

Mara moja tu gari lilitoka uani likaingia barabarani. Tulikwenda hadi Kabuku na kurudi, kwa majaribio, na mimi nikiwa nimekaa nyuma na kipimajoto kama muuguzi. Jua la Kabuku mnalijua linavyochoma. Kila kitu kilifanya kazi, inveta haikulia hata mara moja. Nikamwambia, Mwalimu, kazi imeisha, wiki ijayo mpande mlimani. Akafungua friji, akatoa chupa, akaigeuza juu chini. Maji hayakumwagika. Yalikuwa barafu.

"Insulini ikiganda imekufa," alisema. "Imekufa sawasawa na ile iliyochemka."

Nikamwonyesha kile kitufe cha kupunguza baridi, kipo palepale mlangoni, kigeuze kidogo. Akasema tupime upya kutoka mwanzo. Miezi ikaondoka.

Sasa kuna jambo ambalo mimi nililiona mapema, na sikulisema. Dindira ni baridi. Nimepanda huko mara nyingi kufuata magari yaliyokwama, na kila mara narudi nimejikunyata. Watu wa huko wanalala na mablanketi mawili wakati sisi hapa chini tunalala tumefungua madirisha. Friji hiyo ilihitajika saa chache tu za njiani, na saa chache hizo ungeweka dawa kwenye chupa ya chai yenye maji baridi ukafika nayo salama. Na nani alitufundisha kwamba ukipanda juu joto linapungua? Yeye. Alichora mlima ubaoni, akaandika joto chini na joto juu, akatuuliza kwenye mtihani, na mimi nikakosa. Nikasema moyoni, mzee amesahau somo lake mwenyewe. Kwa nini sikumwambia? Ukweli ni kwamba nilikuwa naona raha. Kwa mara ya kwanza mimi najua kitu ambacho Mwalimu hajui, na kila nikimwona na kipimajoto chake ile raha inarudi. Nilijiambia kwamba nitamwambia Jumapili ijayo.

Kisha Mama Mwalimu akaja karakanani peke yake. Hakuwahi kuja kabla. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, nikampanguzia kiti, akakaa na mkoba wake magotini.

"Fundi, lile gari linaweza kutembea?"

"Linaweza, Mama."

"Na friji?"

"Friji haina neno tangu mwezi wa Ramadhani."

"Basi kwa nini hatuendi?"

Akaniambia wamepigiwa simu kutoka Dindira. Dada yake hatoki tena kitandani, na anamtaja yeye kila asubuhi, anauliza kama ameshafika. Mwalimu ameambiwa, akasema wiki ijayo, akishabadilisha kamba za kufungia betri.

"Zile kamba niliziangalia mwenyewe," nikasema. "Ni nzima."

"Najua ni nzima." Akauweka mkoba sawa magotini. "Wewe humjui. Mara ya mwisho tulipopanda, siku ya msiba wa kaka yangu, dawa yangu aliibeba yeye. Akaiweka juu ya dashibodi ya basi, juani, ili asiisahau. Nilichoma ile dawa siku tatu, nachoma maji tu. Nilirudi nimebebwa. Nikaamkia hospitali, yeye amekaa chini sakafuni na viatu mkononi. Mimi nilishayasahau hayo, fundi. Yeye hajasema hata neno moja kuhusu siku ile, lakini alipostaafu tu akanunua gari."

Niliona haya. Nilikuwa nimecheka miaka miwili.

"Kesho asubuhi," akasema akiinuka, "mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele. Yeye akipenda aendelee kupima."

Alfajiri nilikuwa pale, sikuitwa. Mama alikuwa ndani ya gari, kiti cha mbele, amefunga mkanda, khanga mpya, mkoba magotini. Mwalimu akatoka nyumbani na mita ya kupimia umeme mkononi, akamwona, akasimama. Akazunguka gari mara moja. Akafungua nyuma, akafunga. Akaja dirishani kwake.

"Mama, kamba za betri bado."

"Endesha."

"Nilitaka kwanza tuthibitishe..."

"Mwalimu," akasema, bila kupandisha sauti, "endesha gari."

Akaniangalia mimi, na nadhani alitegemea nimsaidie. Nikamwambia kamba ni nzima. Hakuniuliza kama nimepima. Akasema, "Dawati la Nyuma, panda," na nikapanda nyuma na ovaroli yangu ya kazini, fulana ndani, bila sweta, mjinga mimi.

Tulipanda polepole. Mwalimu anaendesha kama anabeba mayai, na kila kona anauliza taa ya inveta ni rangi gani, nami nainama chini ya kitanda, najibu kijani. Dawa ilikuwa kwenye friji, ndani ya kikopo, na kipimajoto pembeni. Joto la chini tuliliacha nyuma, ukungu ukatushukia, chai ikaanza kuonekana huku na huku, na mimi nikaanza kutetemeka. Hapo friji ikanyamaza. Ilikuwa inanguruma na kupumzika, inanguruma na kupumzika, sasa ikapumzika moja kwa moja. Mwalimu akasimamisha gari katikati ya njia, akaruka, akaja nyuma. Akaangalia inveta, kijani. Betri, imejaa. Fyuzi, nzima. Akafungua friji, akasoma kipimajoto, akaifunga.

"Haijaharibika," Mama akasema kutoka mbele, bila kugeuka. "Haina kazi tu. Huku ni kwetu."

Nilicheka, nisameheni. Nilijifunga blanketi lao la kitandani nikacheka mpaka machozi. Mwalimu hakucheka wala hakukasirika. Alisimama mlangoni ukungu ukiingia, akaandika kitu kwenye daftari, akarudi kwenye usukani. Nikajua ameona kosa lake, na kwamba ananyamaza kwa aibu. Nilikuwa na hakika kabisa.

Tulimkuta dada yake Mama amelazwa karibu na moto, amekuwa mdogo kuliko nilivyotegemea, macho hayaoni vizuri. Mama akapiga magoti pembeni ya kitanda. Yule bibi akampapasa usoni, kidevu, masikio, polepole.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa njiani, dada. Tangu mwaka juzi."

Wakashikana. Mwalimu alikuwa mlangoni na kikopo cha dawa mikononi, amekishika kwa mikono miwili, na sikuweza kumtazama. Nikatoka nje nikajifanya nakagua matairi.

Mimi niliteremka kesho yake kwa basi. Wao walibaki. Yule bibi aliishi siku kumi na tisa, na Mama alikuwepo zote, akimlisha, akimchana nywele, wakigombana kwa Kishambaa kuhusu mambo ya utotoni. Walimzika wakiwa huko. Mwalimu alilala garini, na sukari ya Mama haikupanda hata mara moja.

Mwezi uliopita niliitwa Kabuku kwenye lori lililozimika. Nilipomaliza, nikaona haisi ya kwaya imeegeshwa penye wauza machungwa. Walikuwa wanatoka Handeni, kwa ndugu zake Mwalimu, maana siku hizi wanazunguka tu, hawatulii nyumbani. Mama alikuwa amelala nyuma, pazia limefunguliwa. Nikamwamkia Mwalimu, akaitikia, akanimenyea chungwa. Tukala tumeegemea bodi, tukiangalia mabasi yanapita. Amekonda kidogo. Nikaona hapa ndipo pa kulitua lile lililokuwa linanikaa kooni.

"Mwalimu, kuna kitu sikukuambia. Mimi nilijua toka mwanzo kwamba kule juu friji haina kazi. Kule ni baridi. Nilikaa kimya, na mngeweza kwenda mapema, mkakaa naye mwaka, si siku kumi na tisa. Nisamehe."

Akavua miwani. Hana tai tena siku hizi, akaifuta kwa ncha ya shati. Akageuka kumtazama mkewe pale alipolala, akamtazama muda mrefu, kisha akashusha sauti asimwamshe.

"Nilifundisha somo lile miaka thelathini," akasema. "Na mimi nilijua."